Wasaidizi wa Wauguzi na Shahada ya Msingi: Taarikh Fupi kwa Jamaa Zetu



Mwalimu mstaafu akiombwa kuandika taarikh, aghalabu hukimbilia masultani na majahazi. Mwaka huu nawaomba radhi. Nitaandika taarikh ya kazi ambayo ni nadra kukuta nyumba ya jamaa zetu hapa Uingereza isiyokuwa na mtu mmoja aliyewahi kuifanya. Nayo ni kazi ya msaidizi wa muuguzi hospitalini, au mtunzaji katika nyumba za wazee.

Ni kazi ya kumwosha mgonjwa, kumgeuza kitandani, kumlisha, kumpima joto na shinikizo la damu, na kukaa naye usiku watu wengine wamelala. Ndiyo kazi tuliyoikuta mlangoni tulipofika, na wengi wetu waliingia nayo wakidhani ni ya miezi sita tu. Kuna walioifanya miaka thelathini.

Nataka kueleza namna nchi hii ilivyowapa watu wa kazi hiyo vyeti, kila zama kwa jina jipya, na namna ilivyokuja kuwapa shahada inayosomwa kazini. Pia nataka kukiri kosa nililolifanya mimi mwenyewe juu ya shahada hiyo, kwani kosa la mwalimu hulipwa na mwanafunzi.

MADAFTARI MAWILI

Mwaka 1919 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwasajili manesi. Tokea hapo nesi alikuwa ni mtu aliyepata mafunzo, akafaulu mtihani, na jina lake likaandikwa katika daftari maalumu. Lakini mahospitali hayakuwahi kuendeshwa na hao peke yao. Nyuma yao walikuwapo wanawake wengi waliofanya kazi ile ile ya mikono bila ya cheti chochote.

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, upungufu wa manesi ukawa mkubwa hata ikabidi wanawake hao watambuliwe. Sheria ya mwaka 1943 ikafungua daftari la pili, la manesi wasaidizi. Mafunzo ya daftari hilo yalikuwa ya miaka miwili, na yalielemea vitendo kuliko vitabu. Ya daftari la kwanza yalikuwa ya miaka mitatu.

Mwaka 1961 neno "msaidizi" liliondolewa katika jina lao, wakaitwa S.E.N. Wenzao wa daftari la kwanza walikuwa S.R.N. Tazameni, tafauti ni herufi moja tu ya katikati. Lakini baina ya E na R palikuwa na mshahara, madaraka na njia ya kupanda. S.R.N. aliweza kuwa mkuu wa wodi na kuendelea mbele. S.E.N. alitarajiwa abaki pale pale alipo, awe hodari namna gani.

Wakati huo huo huduma ya afya ya taifa, iliyoanza tarehe 5 Julai 1948, ilikuwa na njaa ya watu. Vijana wa kike waliitwa kutoka Ireland, visiwa vya Karibiani, Mauritius, Malaya na Afrika. Na wa kwetu walikuwamo.

BARUA YA SHANGAZI

Shangazi yangu aliondoka Unguja mwaka 1962, akiwa na miaka ishirini. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minne, na ninachokumbuka ni sanduku lake la bati na harufu ya udi aliofukiziwa nguo. Barua yake ya kwanza baba aliisoma kwa sauti barazani, na watu wakaomba isomwe tena. Ilisema: "Nimekubaliwa kuwa mwanafunzi wa unesi, na baada ya miaka miwili nitamaliza."

Hakuna aliyeuliza kwa nini miwili. Tulifurahi kwamba ni michache.

Nimekuja kufahamu mambo haya nilipokuwa mtu mzima. Kwa Kiingereza aliyesomea miaka mitatu aliitwa kwa neno moja la mwanafunzi, na aliyesomea miaka miwili kwa neno jengine, lile wanalomwita mtoto wa skuli. Lugha yetu haina tafauti hiyo. Wote kwetu ni wanafunzi. Basi barua ilipofika Unguja, tafauti ile ilikuwa imekwisha potea njiani, na wala shangazi mwenyewe hakuelezwa alipotia saini. Alikuwa amemaliza masomo ya sekondari kwa vyeti vizuri, lakini katika hospitali aliyopokewa wasichana waliotoka ng'ambo walielekezwa mlango wa miaka miwili. Aliwakuta wenzake wa Barbados na Mauritius wamekaa katika darasa lile lile.

Alimaliza mwaka 1964, na huo ndio mwaka ambao nyumbani kwetu mambo yaligeuka. Jamaa wakatawanyika, huyu Mombasa, huyu Dar es Salaam, na baada ya 1970 wengine Maskati. Katika miaka ya sabini shangazi alitaka kuwafuata nduguze katika nchi moja ya Ghuba. Akapeleka vyeti vyake, na jibu likarudi kwamba atapokewa kwa cheo cha msaidizi, kwa sababu cheti cha S.E.N. hakikuhesabiwa kuwa cha nesi kamili. Nchi nyingi za Jumuiya ya Madola nazo hazikukitambua. Ilikuwa imekwisha pita miaka zaidi ya kumi, na hapo ndipo alipojua ametia saini nini.

Alibaki Uingereza mpaka alipostaafu, na katika wodi yake madaktari vijana walikuwa wakimwuliza yeye kabla ya kumwuliza mtu mwengine. Lakini herufi ya katikati haikubadilika.

DARAJA LINAFUTWA, KAZI INABAKI

Mwaka 1986 baraza lililosimamia unesi lilitoa mapendekezo yaliyopewa jina la Project 2000. Masomo ya unesi yahamie katika vyuo vya elimu ya juu, mwanafunzi awe mwanafunzi kweli na asitumiwe kama mfanyakazi, na mafunzo ya daftari la pili yakomeshwe. Serikali ilikubali mwaka 1988, na mwanzoni mwa miaka ya tisini mlango wa S.E.N. ukafungwa kwa wanafunzi wapya. Waliokwisha kuwamo walipewa nafasi ya kusoma zaidi ili waingie daftari la kwanza. Wengine walisoma. Shangazi, akiwa amevuka hamsini na ana mama mzee wa kumtunza, hakusoma.

Nia ilikuwa njema, kwani daraja lile lilikuwa limewadhulumu wengi. Ila mgonjwa bado alihitaji kuoshwa, kulishwa na kugeuzwa. Basi pahala pa S.E.N. paliingia watu waliopewa jina la wasaidizi wa huduma ya afya, ambao hawakuwa na daftari kabisa. Kwa hao ulikuwako mpango mwengine wa vyeti vya ufundi vya taifa, uliosimamiwa na baraza lililoundwa mwaka ule ule wa 1986. Mtathmini alikuja kazini, akakutazama unavyomhudumia mgonjwa, akatia alama katika fomu. Vyeti hivyo vilithibitisha kwamba mtu anaweza. Lakini aliyefika daraja la tatu akataka kwenda mbele, mara nyingi alikuta mbele yake ukuta, na nyuma ya ukuta chuo kikuu.

SHAHADA INAYOSOMWA KAZINI

Mwezi wa Februari 2000, David Blunkett, aliyekuwa waziri wa elimu, alitangaza shahada ya aina mpya, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 2001. Iliitwa shahada ya msingi. Makusudio yake yalikuwa waajiri na vyuo vikuu waitunge pamoja, na kazi yenyewe iwe ni sehemu ya masomo.

Niruhusuni nieleze hesabu yake, maana hisabati ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Shahada kamili ya heshima hapa England ina krediti 360, na shahada ya msingi ina krediti 240, yaani thuluthi mbili. Krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kujifunza, kwa hivyo jumla ni saa 2,400. Katika shahada ya kazini, saa hizo si za darasani peke yake. Mfanyakazi hutoka kwenda chuoni, kwa kawaida siku moja kwa wiki, na siku nyengine yumo wodini chini ya msimamizi anayemfundisha na kumpima. Huweka faili la ushahidi wa kazi zake. Huandika insha si juu ya mgonjwa wa kitabuni, bali juu ya jambo alilolifanya Jumanne: alifanya nini, kwa nini, kanuni yasemaje, na mara nyengine angefanyaje. Akimaliza, anaweza kuendelea mwaka mmoja au zaidi akapata shahada kamili.

Sisi tuliosoma chuoni kwa maalim hatukuona ugeni katika jambo hili. Maalim hakukupa ruhusa ya kumsomesha mwenzako kwa sababu umekaa miaka fulani kwenye jamvi. Alikusikiliza, akakusahihisha, akakusikiliza tena, na siku aliporidhika ndipo alipokuachia. Fundi seremala na mwanagenzi wake ni vivyo hivyo. Kilichokuwa kigeni ni chuo kikuu kukubali kwamba elimu iliyopatikana hivyo ni elimu.

Mwaka 2002 eneo la Greater Manchester, tulikokuwa tukiishi, lilianza mpango wa kuwasomesha wasaidizi kwa shahada hii ili wapate cheo kipya cha mtendaji msaidizi, kilicho baina ya msaidizi wa wodi na nesi. Ulipokuja mpangilio mpya wa mishahara mwaka 2004, msaidizi aliwekwa daraja la 2 au la 3, mtendaji msaidizi la 4, na nesi anayeanza la 5. Ngazi ikawa na kipago pale palipokuwa na pengo. Na kwa nchi nzima, masomo ya kila aina yakihesabiwa, waliojiandikisha kwa shahada za msingi katika mwaka wa masomo 2009–10 walikaribia 100,000.

KOSA LANGU

Ndugu yangu mdogo wa kike alifika Manchester mwaka 1996. Alianza katika nyumba ya wazee, kisha akaingia hospitalini, akapata vyeti vya ufundi vya daraja la pili na la tatu. Mwaka 2004 mkuu wa wodi yake alimpa fomu ya shahada ya msingi. Akaja nayo kwangu usiku, bado amevaa sare.

"Kaka, hebu nisomee hii. Niijaze?"

Mimi wakati ule nilikuwa nikisomesha watu wazima hisabati katika chuo cha jioni, na najua nilijiona mjuzi wa vyeti. Nikaisoma ile fomu, nikacheka. Nikamwambia: "Shahada ya msingi? Kwetu msingi ni skuli ya watoto. Hii ni nyumba iliyojengwa msingi ikaachwa bila ya paa. Ngoja uipate shahada ya kweli."

Hakunijibu. Aliikunja fomu akaitia katika mkoba, na mwaka ule ukapita. Katika mila zetu mdogo hambishii kaka yake mbele ya watoto, nami niliuhesabu unyamavu wake kuwa ni kukubali.

Aliyenitoa ujingani ni shangazi. Alikuja kututembelea siku ya Idi, akasikia kisa hicho kwa watoto, akaniita upenuni. Akasema: "Mwanangu, wewe umetazama jina la cheti. Na mimi nililetwa kwa jina zuri. Ulizeni cheti kinakwenda wapi. Changu kilikuwa kimesimama, na hakuna aliyeniambia. Cha huyu mtoto kinatembea au kimesimama? Umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimesoma kichwa cha khabari tu. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa krediti zile 240 zinahesabiwa anapotaka kuendelea. Nikarudi kwa ndugu yangu, nikamwomba radhi mbele ya watoto wale wale.

HISABATI YA WODINI

Alianza mwaka 2005. Sharti mojawapo lilikuwa Kiingereza na hisabati za kiwango cha mtihani wa sekondari, kwa hivyo akakaa miezi michache katika darasa langu pamoja na wasaidizi wengine, Wasomali, Wajamaika na Waingereza. Wengi wao waliogopa namba kama mtu anavyoogopa mbwa aliyewahi kumwuma. Niliandika sehemu na desimali ubaoni, na ndugu yangu akawa anatazama chini.

Siku moja nikabadilisha. Nikasema: mgonjwa amekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja mililita 200, na kwa mshipa ameingiziwa mililita 1,000. Amekojoa mililita 1,150. Kabla sijaigeuza chaki, darasa zima likajibu: "Mia nne na hamsini zimebaki mwilini." Na mmoja akaongeza kwamba ikiwa mgonjwa huyo ni wa moyo, atamwita nesi.

Nilisomesha hisabati zaidi ya miaka thelathini, Unguja na hapa, na nadhani siku ile ndiyo niliyofahamu vizuri kazi yangu. Watu wale walikuwa wakipiga hesabu kila usiku kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ile ni hisabati.

Miaka miwili ile haikuwa myepesi. Siku moja ya chuo, nne za kazi, na insha ziliandikwa baada ya watoto kulala. Alisoma mwili wa binadamu, maambukizo, sheria za ridhaa ya mgonjwa, namna ya kuzungumza na mtu aliyepotewa na kumbukumbu. Uchunguzi wake wa mwisho ulikuwa juu ya kwa nini wazee wa wodini kwake hawamalizi maji waliyowekewa. Aliandika wiki baada ya wiki, akakuta jambo dogo: wagonjwa waliopooza upande mmoja mara nyingi waliwekewa bilauri upande wa mkono usiofanya kazi. Wodi ikabadilisha utaratibu. Msaidizi aliyekuwa hapewi hata nafasi ya kusema katika mkutano wa asubuhi, sasa aliombwa aeleze.

BAADA YA JOHO

Mwaka 2007 alivaa joho. Shangazi alikaa safu ya mbele na buibui lake. Tulipiga picha.

Kisha ndugu yangu akarudi kazini, kwa sare ile ile na mshahara ule ule wa daraja la 3. Hospitali aliyokuwapo ilikuwa imemsomesha kwa cheo ambacho haikuwa imekitengea nafasi. Alingoja miaka miwili, akifanya kazi alizosomea bila ya kulipwa kwazo, mpaka nafasi ya mtendaji msaidizi ilipopatikana pahala pengine. Sikuandika haya kwa ajili ya kulaumu. Nimeyaandika kwa sababu yaliwapata wengi, na kwa sababu kosa hili linafanana sana na la shangazi: cheti ni kitu kimoja, na nafasi ya kazi ni kitu chengine.

Na palikuwa na upungufu mwengine. Mtendaji msaidizi hakuwa na daftari. S.E.N. alidharauliwa, lakini jina lake liliandikwa na kulindwa na sheria. Mtendaji msaidizi alikuwa na shahada mkononi, na nje ya hospitali yake hakuna aliyelazimika kumtambua.

JINA JIPYA, DAFTARI JIPYA

Mwezi wa Februari 2013 ilitoka ripoti ya Robert Francis juu ya mateso waliyoyapata wagonjwa katika hospitali ya Stafford. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba wasaidizi wasajiliwe. Serikali haikukubali, ila ilimwomba Camilla Cavendish achunguze hali ya wasaidizi, na ripoti yake ya Julai 2013 ilieleza wazi kwamba watu hawa wanabeba mzigo mkubwa kwa mafunzo yasiyo na mpango mmoja. Ndipo ulipoanza, Aprili 2015, ule utaratibu wa cheti cha utunzaji kilichokuwa na vipengele 15 kwa wanaoanza kazi.

Mwisho wa mwaka 2015 serikali ikatangaza cheo kipya, cha nesi mshiriki. Wanafunzi 2,000 wa majaribio walianza mwaka 2017. Mafunzo ni ya miaka miwili, kwa kiwango cha shahada ya msingi, na sehemu kubwa ni kazini. Tarehe 28 Januari 2019 baraza la manesi lilifungua daftari lao. Basi baada ya robo karne daraja la pili lilirudi, safari hii likiwa na krediti za kuendelea kuwa nesi kamili. Daftari hilo lilianzishwa kwa England peke yake, na huo ni mpaka ambao vijana wetu lazima waujue kabla ya kupanga safari.

Watendaji wasaidizi hawakuingizwa moja kwa moja. Ndugu yangu alitakiwa asome tena baadhi ya mambo, na kwa umri wake akaona inatosha. Lakini binti yake alikuwa ameanza.

MAS-ALA YA ADA NA RIBA

Hapa ipo khabari inayotuhusu sisi khasa. Mwaka 2012 ada za vyuo vikuu vya England ziliruhusiwa kufika pauni 9,000 kwa mwaka, na mkopo wa serikali ukawekewa faida kubwa zaidi kuliko ile ya kufidia bei kupanda. Mwaka 2017 wanafunzi wapya wa unesi wakaondolewa msaada wa zamani uliowalipia ada, wakaambiwa wakope. Kuanzia 2020 walipewa ruzuku ya pauni 5,000 au zaidi kwa mwaka, lakini ada ikabaki kuwa ni mkopo.

Nyumba nyingi za jamaa zetu ziligawanyika juu ya riba hiyo. Wanazuoni wana kauli zao, nami si mtu wa kutoa fatwa. Serikali yenyewe ilikusanya maoni juu ya mkopo usio na riba mwaka 2014, na sheria ya 2017 ikaruhusu uanzishwe, lakini miaka ikapita bila ya mlango huo kufunguliwa. Nawajua wasichana hodari waliokaa nyumbani kwa sababu hiyo.

Kusoma kazini kulileta njia. Tokea Aprili 2017 waajiri wakubwa, wenye mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka, hutozwa nusu ya asilimia moja ya mishahara hiyo kwa ajili ya kusomesha wanagenzi. Nesi mshiriki anaweza kusomeshwa kwa njia hiyo. Mwanagenzi halipi ada, hakopi, na hupokea mshahara. Binti wa ndugu yangu aliingia mwaka 2019 kwa njia hii, akapita katika msiba wa korona akiwa mwanafunzi wodini, akaandikwa katika daftari la nesi mshiriki, kisha akaendelea. Sasa ni nesi kamili, na hadaiwi senti na mtu.

MASWALI MANNE

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Shangazi alifariki mwaka 2011, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nadhani wasia wake ni maswali. Mtoto wako au mkeo akiletewa fomu ya masomo ya kazini, msicheke kama nilivyocheka mimi, wala msitie saini kama alivyotia shangazi. Ulizeni haya manne.

La kwanza: cheti hiki kinakwenda wapi? Ni chuo gani kitakachozihesabu krediti zake, na kwa maandishi?

La pili: nani analipa, na nikiacha kazi nitadaiwa? Saa za kusoma zimo ndani ya saa za kazi, au ni za usiku wangu?

La tatu: nikimaliza, nafasi ya kazi ipo, au nitarudi kwa sare ile ile?

La nne: jina langu litaandikwa katika daftari gani, na daftari hilo linajulikana nje ya England? Kwani sisi ni watu wa safari. Leo tuko hapa, kesho mtoto ataolewa Maskati au atataka kurudi Unguja.

Na kwa sisi wanaume wa nyumba, na kina kaka, nina neno moja zaidi. Katika miaka miwili ile ya ndugu yangu, kilichomvusha si akili peke yake. Mumewe alijifunza kupika. Wifi yake aliwachukua watoto Jumamosi. Mimi nilimpigia chapa insha zake, nami nikajifunza mengi. Shahada ya kazini husomwa na nyumba nzima.

Ndugu yangu atastaafu mwaka ujao. Juzi nilimwuliza kama angependa nimwandike jina katika makala haya. Akakataa, akacheka, akasema: "Andika tu kwamba kaka alisema haina paa." Basi nimeandika.

Wabillahi tawfiq.